Glaida ya ndani haitulii: soma dalili kabla ya kugusa plastisini

Glaida, yaani ndege ya kuteleza hewani bila injini, ikiwa ndogo ya povu yenye mabawa ya sentimita 30 na imepangwa vizuri, ukiisukuma kutoka kimo cha bega huteleza kimya karibu mita 9 na kutua kwa tumbo baada ya sekunde tatu hivi. Hapo bado hujaitupa juu. Ikiwa haijapangwa hufanya vituko: huinua pua na kusimama hewani, hupiga mbizi, hujizungusha hadi chini, au hukimbilia ukuta uleule kila mara.

Nimefundisha vijana kutengeneza ndege hizi kwa miaka kadhaa, na kosa ninaloliona kuliko yote ni moja. Kila ndege inapokataa, mkono unakwenda kwenye plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia unaobandikwa puani kama uzito. Imeinua pua, plastisini. Imekwenda kushoto, plastisini kwenye bawa la kulia. Baada ya nusu saa ndege iliyoanza na gramu 6 ina gramu 9, inapita kama jiwe, na ugonjwa wa kwanza bado uko palepale. Uzito wa puani una kazi moja tu: kuweka kitovu cha uzito mahali pake. Ukishakiweka, acha. Magonjwa yaliyobaki karibu yote hutibiwa mkiani na mabawani, kwa vipande vya karatasi na kwa vidole.

Vipimo nitakavyotaja ni vya ndege hii: bawa zima sentimita 30 kwa 7, mkia wa ulalo sentimita 14 kwa 5 (theluthi moja ya eneo la bawa), pezi la wima sentimita 4 kwa 4, na uti wa sentimita 30 unaoviunganisha. Ukingo wa mbele wa bawa uko sentimita 7 nyuma ya pua. Kila ncha ya bawa imeinuliwa sentimita 3 juu ya katikati, ukiitazama kwa mbele ni kama herufi V iliyofunguka sana. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapotulia juu ya ncha za vidole viwili, kiko katikati ya upana wa bawa, sentimita 3.5 kutoka ukingo wa mbele. Pachore alama kwa kalamu chini ya bawa, pande zote mbili. Ndege yako ikiwa kubwa au ndogo zaidi, zidisha au gawanya kwa uwiano uleule.

Bawa ni povu la milimita 2, kama lile la sahani za kufungia nyama dukani. Balsa ya milimita 1.5 ni bora zaidi, ila ni mbao inayotoka Ekwado na huku kwetu haipatikani kirahisi. Uti nautengeneza kwa chelewa kavu iliyonyooka, niliyoichagua kwenye fagio. Kijiti cha mshikaki kina unene uleule mwanzo hadi mwisho, lakini chelewa ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kwa hiyo upande mwembamba ukiuelekeza mkiani unaokoa uzito mahali unapouma zaidi. Mkono wa mkia ni mrefu kuliko mkono wa pua. Kwenye ndege hii gramu 1 ya ziada mkiani inadai karibu gramu 1.7 puani ili kitovu kirudi kwenye alama, na hapo umebeba gramu 2.7 zisizo na kazi.

Mezani kwanza

Magonjwa mengi ya hewani yalizaliwa mezani, na mezani ndiko yanakoonekana bila kubahatisha. Funga jicho moja uitazame ndege kwa nyuma, uti ukiwa usawa wa jicho. Ukingo wa nyuma wa kila bawa uonekane sawa na mwenzake. Ukiona tumbo la bawa moja, ukingo wake wa nyuma umepanda. Ukiona mgongo wake, umeshuka. Fanya hivyohivyo kwa mkia. Kisha itazame kwa juu: pezi lifuate mstari wa uti, wala lisielekee pembeni. Pima kwa rula kutoka kila ncha ya bawa hadi ncha ya uti wa mkiani. Vipimo viwili visipolingana, bawa limegundishwa mshazari.

Mizani ya pande hupimwa ndege ikiwa imegeuzwa tumbo juu. Ishike uti kwa ncha za vidole, kidole kimoja puani na kingine mkiani, uiache izunguke. Bawa zito litashuka. Ukiipima mabawa yakiwa juu, yale mabawa yaliyoinuliwa yataipindua upande wowote na haitakuambia lolote la kweli. Upande mzito upunguze kwa msasa. Kuongeza kitu upande mwepesi kuwe njia ya mwisho.

Halafu gundi. Supaglu huyeyusha povu hili, na hata pale isipoligusa moja kwa moja mvuke wake huacha vishimo. Tumia gundi nyeupe ya mbao, tone dogo lililotandazwa kwa kijiti cha meno, na usubiri saa kadhaa. Gundi ikikauka haipotei uzito wote, kwa hiyo donge unaloliona kwenye maungio utalibeba kila unaporusha.

Jaribio la kusukuma

Huwezi kusoma dalili kama kila mrusho ni tofauti. Shika uti chini ya kitovu cha uzito, mabawa yakiwa usawa, pua ikielekea sakafuni mahali palipo mita 8 au 9 mbele yako, halafu iachie kama unayeisindikiza. Mwendo wa kawaida wa ndege ya gramu 6 yenye eneo hili ni kama mita 2.8 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ukiisukuma kwa kasi zaidi ya hapo itainua pua hata kama haina ugonjwa. Ukiisukuma kwa upole mno itachimba kwanza ili kutafuta kasi yake. Rusha mara tatu kabla ya kubadilisha kitu, na ukibadilisha, badilisha kimoja.

Zima feni. Funga madirisha. Kisha washa kijiti cha udi na ukitembeze polepole katikati ya ukumbi na karibu na milango, mbali na meza yenye povu. Moshi ukipanda wima hewa imetulia; ukilala, umejua upepo unatoka wapi na hutaulaumu mkia bure. Wanaoshindana na ndege za ndani huhangaika sana kutafuta hewa isiyosogea: wamerusha ndani ya mgodi wa chumvi wa Slănic Prahova kule Rumania, na ndani ya hangari za ndege-puto za Cardington, Uingereza. Sisi ukumbi wa shule baada ya masomo unatutosha, hasa asubuhi mapema au jioni. Saa saba mchana mabati yamepata moto, hewa ya joto inajikusanya juu na kila mlango unaofunguliwa unaichochea.

Inakwenda kwa mawimbi

Hii ndiyo dalili inayowapata wengi: pua inapanda, ndege inapungua kasi, inaonekana kusimama, pua inaanguka, inashika kasi, inapanda tena. Pua inapopanda kupita kiasi hewa haiwezi tena kufuata mgongo wa bawa, inaachana nalo, na nguvu ya kuinua inapotea ghafla.

Sababu ya kwanza ya kuondoa ni mkono wako. Sukuma polepole zaidi, pua chini kidogo. Mawimbi yakiisha, ndege ilikuwa nzima.

Yakibaki, rudi kwenye vidole viwili. Kitovu kikiwa nyuma ya alama, hapa ndipo plastisini inapofaa: ongeza kidogo kidogo puani hadi ndege itulie kwenye alama. Kitovu kikiwa kwenye alama tayari na mawimbi yapo, uzito hauhusiki. Tatizo ni tofauti ya pembe kati ya bawa na mkia. Mkia umeinamishwa mno, ukingo wake wa nyuma uko juu, unasukumwa chini na pua inasukumwa juu.

Dawa ni karatasi. Kata kipande cha karatasi ya fotokopi chenye upana wa uti na ukiweke chini ya ukingo wa mbele wa mkia, kati ya mkia na uti. Karatasi hiyo ina unene wa karibu milimita 0.1, na kwa mkia wenye upana wa sentimita 5 kila kipande hubadilisha pembe kwa karibu sehemu moja ya kumi ya digrii. Huoni tofauti kwa macho, lakini ndege inaiona. Kipande kimoja, mirusho mitatu, kipande kingine. Ndiyo maana mkia nauungia kwanza kwa seloteipu, na gundi naipaka siku ya mwisho.

Ukiongeza vipande kupita kiasi mawimbi yataisha na ndege itaanza kwenda kasi, pua chini. Rudi nyuma kipande kimoja. Mahali pazuri pa kuteleza kwa muda mrefu ni kipande kimoja kabla mawimbi hayajaanza, ambapo ndege iko karibu na mwendo wake wa chini kabisa.

Inapiga mbizi, na kuna mbizi mbili

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu dalili moja ina sababu mbili ambazo dawa zake zinapingana.

Mbizi ya kwanza huanza mara tu ndege inapoachwa. Inashuka kwa mstari, kwa kasi, inagonga sakafu kwa pua mita 3 au 4 mbele. Kitovu kiko mbele ya alama, au ukingo wa nyuma wa mkia umeshuka. Ondoa plastisini hadi kwenye alama. Ikiwa kitovu ni sahihi, weka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa mkia, safari hii nyuma.

Mbizi ya pili inadanganya. Ndege inatoka vizuri, inateleza mita 2 au 3 kama inavyotakiwa, kisha pua inashuka taratibu, inaendelea kushuka na hairudi. Ukimuuliza mwenye ndege utasikia kwamba jana ilikuwa na mawimbi, akaweka karatasi chini ya ukingo wa mbele wa mkia, ikawa nzito puani, akapunguza plastisini, ikarudisha mawimbi, akaongeza karatasi. Kila hatua imerudisha kitovu nyuma na kuufanya mkia ulingane na bawa. Sasa hakuna kitu kinachoinua pua ndege ikishika kasi. Dawa ni kurudisha plastisini mpaka kwenye alama na kuondoa karatasi zote, kisha kuanza upya. Mtu anayeiona ndege inapiga mbizi na kuambiwa aongeze uzito wa puani hukataa, na nimewahi kubishana na kijana mmoja mpaka akaniambia, “Mwalimu, hapo unaizamisha kabisa.” Aliposukuma mara ya tatu alinyamaza.

Jinsi ya kuzitenganisha bila kubishana: simama juu ya benchi, ishike ndege kwa mkia pua ikitazama sakafu, iachie kutoka mita mbili na nusu hivi, na mwenzako aweke foronya au koti chini. Ndege yenye tofauti nzuri ya pembe itajikunjua yenyewe na kuanza kuteleza kabla ya kufika chini. Yenye mbizi ya pili itaanguka wima kama ilivyoachwa.

Wazo hili la kuweka mkia kwenye pembe ndogo kuliko bawa si geni. Mfaransa Alphonse Pénaud alilitumia mwaka 1871 kwenye ndege yake ndogo ya mpira wa kusokota, aliyoirusha katika bustani ya Tuileries, Paris, ikatulia hewani bila mtu kuiongoza.

Inateleza vizuri, lakini ukiitupa kwa nguvu inajipindua

Ndege imepita jaribio la kusukuma. Sasa unataka ipande hadi karibu na dari kisha ishuke kwa mizunguko. Unaitupa kwa nguvu, nayo inapinda juu, inarudi kinyumenyume kichwani mwako na kuanguka.

Nguvu za hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitupa kwa kasi mara tatu, mkia unaoinua pua unafanya hivyo kwa nguvu mara tisa, wakati uzito wa pua umebaki uleule. Ndege yenye pua nzito na mkia ulioinamishwa sana inaweza kuteleza vizuri kwa mwendo mmoja tu. Ndiyo hasara ya plastisini nyingi ambayo jaribio la kusukuma halikuonyeshi. Aliyezidisha uzito puani amelazimika kuinamisha mkia zaidi ili ndege iteleze, na malipo yake yanakuja siku ya kutupa.

Kwa hiyo ukipata dalili hii, na ukikuta kitovu kiko mbele ya alama, kirudishe kwenye alama kwanza, kisha ongeza karatasi chini ya ukingo wa mbele wa mkia hadi mtelezo urudi kuwa sawa. Ukiwa na uzoefu unaweza kukisogeza milimita 1 au 2 nyuma ya alama ili ipande kwa mstari ulionyooka zaidi, ila hapo umekaribia eneo la mbizi ya pili, na lile jaribio la benchi lifanywe kila baada ya badiliko.

Sehemu ya pili ya dawa iko mkononi. Anayetumia mkono wa kulia asitupe ndege ikiwa imelala sawa. Ilaze upande wa kulia karibu nusu ya kona ya mraba, uitupe juu na mbele. Itapanda ikizunguka kulia, na kujipinda kwake kutageuka kuwa mzunguko mpana wa kupanda badala ya kupinduka. Ikifika kileleni inapaswa kulala upande wa kushoto na kuanza kushuka kwa mizunguko ya kushoto. Ndiyo sababu mtelezo wake hupangwa kwenda kushoto. Anayetumia mkono wa kushoto abadilishe pande zote.

Ikipanda vizuri lakini ikasimama kileleni, ikaanguka mita 2 kabla ya kuteleza, mara nyingi umeitupa wima mno au imelazwa kidogo mno. Badilisha pembe ya mkono kabla ya kubadilisha ndege.

Inakimbilia upande mmoja

Kugeuka si ugonjwa. Ndani ya ukumbi wenye upana wa mita 10 ndege lazima izunguke, na mzunguko wenye nusu kipenyo cha mita 3 unatosha. Ugonjwa ni kugeuka usikokutaka, au kukali mno.

Sababu ziko nyingi: bawa lililosokotwa, pezi lililopinda, mkia uliolala upande, bawa zito, bawa lililogundishwa mshazari. Rusha mara mbili, mrusho wa polepole na mrusho wa haraka kidogo. Kugeuka kukizidi ndege inapokwenda haraka, chanzo ni umbo: msokoto au pezi, kwa sababu vyote viwili vinatumia hewa na hewa inaongeza nguvu pamoja na mwendo. Kugeuka kukipungua kwenye mrusho wa haraka, chanzo ni uzito wa bawa moja, kwa sababu uzito hauongezeki na mwendo na hewa inauzidi nguvu. Nimeokoa ndege nyingi kwa jaribio hili moja.

Msokoto wa povu unarekebishwa kwa pumzi. Pulizia bawa hewa ya joto ya mdomoni, lishike likiwa limesokotwa kinyume kidogo kuliko unavyotaka, uhesabu hadi ishirini, uliachie. Balsa hutibiwa kwa mvuke wa sufuria inayochemka, kwa umbali wa kiganja, kwa sekunde chache. Kumbuka bawa ambalo ukingo wake wa nyuma umeshuka ndilo linaloinuliwa zaidi, hivyo ndege hulala upande wa pili.

Ukitaka kuipangia mzunguko wa kushoto, kuna njia mbili. Ya pezi: upinde ukingo wake wa nyuma kushoto, nusu milimita. Ni rahisi, ila pezi lina nguvu zaidi wakati wa kutupa, na linaweza kuharibu ule mpando wa kulia. Njia ninayoipenda ni kuulaza mkia: ncha ya kushoto ya mkia wa ulalo iwe juu kuliko ya kulia kwa milimita 3 hadi 5. Mkia unaobeba sehemu ya uzito utausukuma mwisho wa ndege kulia, na pua itakwenda kushoto, upande wa ncha iliyo juu. Inafanya kazi hasa katika mtelezo, na haisumbui sana wakati wa kupanda. Lakini inahitaji mkia unaoinua, yaani kitovu kisiwe mbele mno. Ukiulaza mkia na ndege haigeuki kabisa, pua yako ni nzito.

Mzunguko unabana hadi chini

Duara la kwanza ni pana, la pili dogo zaidi, la tatu ndege imelala kwa ubavu na pua inaelekea sakafuni. Usiongeze wala kupunguza uzito. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: bawa la ndani ya mzunguko, pezi, na kuinuka kwa mabawa.

Bawa la ndani (la kushoto kwa mzunguko wa kushoto) likiwa na ukingo wa nyuma uliopanda, halina nguvu ya kujishikilia. Lishushe ukingo huo milimita 1, karibu na ncha. Hilo peke yake huponya wengi. Bado ikibana, pezi ni kubwa mno: linaushikilia mkia kwa nguvu, na ndege inafuata mlalo wake badala ya kujinyanyua. Punguza milimita 2 kwa wembe juu ya pezi, rusha, punguza tena. Ikibidi, vunja ungio la katikati ya bawa na uinue ncha hadi sentimita 3.5.

Kinyume chake ni ndege inayotikisa mkia kulia na kushoto huku mabawa yakiyumba, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Hapo umekata pezi kupita kiasi au umeinua mabawa mno. Bandika kipande cha povu chenye upana wa nusu sentimita kwenye ukingo wa pezi kwa seloteipu. Kutikisika kukiisha, tengeneza pezi jipya la kipimo hicho.

Bawa linatetemeka unapotupa

Utalisikia: mlio mfupi kama karatasi inayopigwa na feni, na ndege inapoteza kasi yote kabla haijapanda. Povu ni laini mno. Gundisha chelewa nyembamba kwenye ukingo wa mbele kutoka ncha hadi ncha, au upitishe ukanda mwembamba wa seloteipu chini ya bawa. Uti nao uangaliwe. Chelewa ikipinda wakati wa kutupa, pembe ya mkia inabadilika kila mrusho na utarekebisha karatasi mpaka uchoke. Shika pua kwa mkono mmoja, bonyeza ncha ya mkia kwa kidole. Ikikubali kirahisi, tafuta chelewa nene zaidi.

Imetulia kabisa, ila inashuka haraka

Hii haina dalili nyingine. Inateleza kwa mstari mzuri na kufika chini ndani ya sekunde mbili. Wengi huikubali kwa sababu haianguki. Mimi huwa siikubali, maana hapa ndipo kuna kazi nzuri zaidi.

Ipime kwenye mizani ya sonara. Mwendo hufuata kipeuo cha pili cha uzito: ukitaka ndege ipunguze mwendo kwa nusu, uzito uwe robo. Punguza mkiani kwanza, kwa sababu kila kinachotoka huko kinaruhusu plastisini kutoka puani pia. Piga msasa mkia hadi milimita 1, toboa katikati yake ukitaka, ondoa madonge ya gundi.

Kisha tazama bawa kwa ubavu. Likiwa bapa kama sahani, umepoteza. Kwa mwendo huu na upana huu namba ya Reynolds (namba inayolinganisha mwendo na upana wa bawa na unato wa hewa) ni kama 13,000, wakati ya ndege ya abiria inafika mamilioni mengi, na kwenye namba ndogo hivyo bawa nene la umbo la ndege kubwa halifai. Linalofaa ni jembamba lililopinda kidogo: mgongo wa milimita 3 kwa upana wa sentimita 7, sehemu ya juu kabisa ya mpindo ikiwa karibu theluthi moja kutoka mbele. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mgongo huu huwekwa kabla ya kugundisha. Livute povu taratibu juu ya ukingo wa meza uliofunikwa kitambaa, mara nyingi kwa nguvu ndogo, ukilipima kwa rula iliyosimamishwa. Lifanyie pacha wake vilevile. Ukingo wa nyuma upigwe msasa hadi uwe mwembamba kama kadi. Ukingo wa mbele uondolewe kona tu.

Jana iliruka, leo imekataa

Chanzo ni jinsi ilivyohifadhiwa. Povu lililoachwa ndani ya gari juani linajikunja. Balsa iliyokaa usiku mmoja kwenye unyevu wa pwani hufyonza maji, huongezeka uzito na kusokotwa. Ndege iliyosimamishwa kwa ncha ya bawa kwenye kona ya chumba itakuwa na bawa moja lililopinda asubuhi. Zihifadhi kwenye sanduku la viatu au la shati, zimening’inia kwenye uti, mabawa hayagusi chochote, na mfuko mdogo wa mchele mkavu ndani kama uko karibu na bahari.

Kabla ya kurekebisha chochote siku ya pili, rudia ukaguzi wote wa mezani. Mimi huandika kwenye uti kwa kalamu yenye ncha nyembamba: uzito, umbali wa kitovu, idadi ya karatasi na upande zilipo, milimita za mkia ulivyolala. Ndege ikikataa, narudisha namba hizo kwanza. Mara nyingi nakuta karatasi moja imedondoka.

Imegonga ukuta

Povu likivunjika safi, paka gundi nyeupe kidogo kwenye ufa, unganisha, weka kipande cha seloteipu upande wa chini peke yake, uache usiku kucha. Pua ikiwa imebonyea, usiikate, kwa sababu urefu wa pua ndio unaoamua plastisini itahitajika kiasi gani. Chomeka kipande cha kijiti cha meno. Ukimaliza, pima kitovu tena, pima pande tena ndege ikiwa tumbo juu, na urudi kwenye mrusho wa kusukuma kabla ya kuitupa kwa nguvu.